Mwandikieni Mwanajeshi Barua ya Shukrani



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya mambo ya chini ya paa letu: pesa, watoto, wakwe, ulevi, kusameheana. Leo nawaomba mtoke nje ya mlango kidogo, mtazame kwa jirani. Nataka tuzungumze juu ya barua. Si barua ya kuomba kazi, wala ile ya shule kudai karo, bali barua ya shukrani ambayo mume na mke wanaketi pamoja kumwandikia mwanajeshi aliye mbali na nyumba yake. Mkivumilia mpaka mwisho mtaona kwamba hatukutoka nje ya ndoa hata hatua moja.

Jumapili moja ya Januari

Katika jumuiya yetu ndogo ya Kikristu kuna familia moja ya vijana. Bwana ni mwanajeshi. Mwaka wa 2015 alipelekwa Somalia, ambako majeshi yetu yaliingia mwezi wa Oktoba 2011, na mwaka uliofuata yakawekwa chini ya kikosi cha Umoja wa Afrika. Mkewe alibaki na watoto wawili, mdogo akiwa bado ananyonya.

Alfajiri ya Ijumaa, tarehe 15 Januari 2016, kambi ya wanajeshi wetu huko El Adde ilishambuliwa na al-Shabaab. Wengi waliuawa. Habari zilitufikia vipande vipande. Jumapili iliyofuata yule mama kijana alikuja kanisani akakaa benchi la nyuma. Alishika simu mkononi wakati wote, hata wakati wa kutakiana amani. Mimi ndiye niliyeongoza ibada siku ile, kwa kuwa padre alikuwa katika kigango kingine. Niliwaombea "wanajeshi wetu wote", kisha nikaingia katika matangazo ya mchango wa mabati. Baada ya ibada watu walimpa mkono wakaenda zao. Mimi pia nilimpa mkono nikaenda zangu.

Simu ililia Jumanne. Bwana yake alikuwa hai. Alikuwa katika kambi nyingine kabisa. Lakini tangu Ijumaa hadi Jumanne mama yule hakuwa ameonja usingizi, na hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kukesha naye.

Jioni ile tukiwa mezani mke wangu aliniuliza, "Mwalimu, huyu kijana ametimiza miezi minane huko. Tumewahi kumwambia asante hata siku moja?"

Nilijibu haraka, kama wanaume wengi tunavyojibu. "Si analipwa mshahara? Tena na marupurupu juu yake?"

Mke wangu alinyamaza. Akaisukuma sahani ya sukuma wiki karibu nami, kisha akasema kwa upole, "Basi na mimi nakupikia kila jioni kwa sababu ulilipa mahari. Ndiyo sababu hunishukuru?"

Wapenzi wasomaji, ugali ule ulinikwama kooni.

Deni ambalo mshahara haulipi

Usiku ule nilifikiri sana. Ni kweli mwanajeshi analipwa. Daktari analipwa, na mwalimu wa shule pia. Lakini mshahara hulipa kazi. Mshahara haulipi usiku ambao mtu analala na viatu, wala siku mtoto wake anapoanza kutembea naye hayupo kumwona. Mambo hayo hayana bei, na kitu kisicho na bei hulipwa kwa shukrani tu.

Mnawakumbuka wale wenye ukoma kumi katika Injili ya Luka, sura ya 17. Mara nyingi tunawahubiri wale tisa kana kwamba walikuwa watu wabaya. Hawakuiba kitu. Hawakumtukana mtu. Bwana aliwaagiza waende kwa makuhani, nao wakaenda. Walitii sheria. Ni yule mmoja tu, tena Msamaria, aliyeona kwamba kutii peke yake hakutoshi, akageuka njiani kurudi kushukuru. Nyumba nyingi zetu za Kikatoliki ni nyumba za wale tisa. Kila mmoja anatimiza wajibu wake. Baba analeta, mama anapika, watoto wanasoma. Lakini hakuna anayegeuka njiani.

Wazee walisema waraka ni nusu ya kuonana. Babu yangu aliijua maana ya methali hiyo. Alikuwa Keya, akachukuliwa mpaka Burma mwaka wa 1944 pamoja na vijana wengi wa Afrika Mashariki. Nyanya hakujua kusoma. Barua ilipofika, aliipeleka misheni akasomewa na katekista wa wakati huo, halafu akaja nayo nyumbani akaificha chini ya mtungi. Babu alikuwa akituambia kwamba hata huko kwenye mvua na matope ya Burma, asiyejua kusoma alimwomba mwenzake amsomee barua ileile mara nne, mara tano, mpaka akaijua kwa moyo. Leo ukipita Kenyatta Avenue jijini Nairobi utaona sanamu za shaba za wanajeshi na mpagazi wa vita vile vya kwanza vya dunia. Ni vizuri wakumbukwe. Lakini sanamu ya mke anayesubiri barua sijaiona popote.

Mtakatifu Paulo naye alikuwa mtu wa barua. Waraka wake kwa Wafilipi ni barua ya asante. Alikuwa amefungwa minyororo, nao Wafilipi wakamtuma Epafrodito amletee msaada. Paulo hakusema moyoni kwamba ni wajibu wao. Alichukua nafasi akaandika, akawashukuru, akamsifu na yule mjumbe ambaye aliugua karibu ya kufa kwa ajili ya safari hiyo. Na waliomlinda gerezani walikuwa askari. Paulo mwenyewe anaeleza kwamba habari zake zilijulikana kati yao.

Je, huku si kusifu vita?

Msomaji mmoja anaweza kuniuliza, "Katekista, Yesu ni Mfalme wa amani. Utatuambiaje tuwaandikie watu wenye bunduki?" Ni swali la haki, nami sitalikwepa.

Kanisa haliipendi vita. Lakini Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Gaudium et Spes ya mwaka wa 1965, namba 79, unafundisha kwamba wanaoitumikia nchi yao jeshini wajione kuwa watumishi wa usalama na uhuru wa watu, na kwamba wakiifanya kazi hiyo sawasawa wanachangia kweli katika kuleta amani. Tena Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alitoa hati ya pekee tarehe 21 Aprili 1986 kwa ajili ya huduma ya kiroho ya wanajeshi na familia zao. Nchini Kenya kuna jimbo la kijeshi lenye mapadre wanaowahudumia makambini. Kanisa haliwaachi wakae bila mchungaji kwa sababu tu wamevaa sare.

Tazameni pia Injili. Maneno ya unyenyekevu tunayosema katika kila Misa kabla ya kupokea Komunyo Takatifu, tukikiri kwamba hatustahili Bwana aingie kwetu, yalitoka kwa nani? Yalitoka kwa ofisa wa jeshi aliyemwombea mtumishi wake mgonjwa. Kila Jumapili tunaazima kinywa cha mwanajeshi.

Hata hivyo, shukrani si upofu. Wanajeshi walipomwendea Yohane Mbatizaji kuuliza wafanye nini, aliwaambia wasimdhulumu mtu na waridhike na mshahara wao. Katika nchi yetu wako watu walioumizwa na watu wenye sare. Ndugu zetu wa Wajir hawajasahau mauaji ya Wagalla ya Februari 1984. Mwaka wa 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliomba msamaha mbele ya Bunge kwa makosa ya serikali zilizopita. Kwa hiyo, kama nyumbani kwenu kuna jeraha la namna hiyo, mtu yeyote asiwalazimishe kuandika. Ombeni tu, na Mungu anasikia. Sisi wengine tuandike, na katika barua zetu tumtakie mwanajeshi arudi akiwa mzima wa mwili na wa dhamiri pia.

Barua yetu ya kwanza

Siku ya pili baada ya sala ya jioni tuliketi mezani, mke wangu na mimi. Kwa kuwa mimi ndiye katekista, nilishika kalamu. Niliandika ukurasa mzima juu ya silaha za roho kwa Waefeso, sura ya 6. Nilijisikia nimeandika vizuri. Mke wangu alisoma, akairudisha karatasi. "Huyu hakuomba mahubiri," alisema. "Mwambie ng'ombe wao amezaa."

Tulianza upya. Tulimwambia ng'ombe wake amezaa ndama jike mwenye alama nyeupe kwenye paji la uso. Tulimwambia mvua ya vuli ilikuwa nzuri, na kwamba mtoto wake mkubwa anaijua Salamu Maria mpaka nusu, halafu anaruka kwenye Amina. Tukamshukuru kwa kitu ambacho tulikijua: kwamba tunalala mlango ukiwa umefungwa kwa komeo dogo tu, na tunaamka salama. Watoto wetu walichora yule ndama, wakampa miguu mitano.

Halafu tukafika mahali pagumu. Mke wangu alitaka tuandike juu ya mke wa yule kijana: kwamba hajakosa zamu yake ya kufagia kanisa hata mara moja, na kwamba taa yake huwaka mpaka usiku wa manane. Mimi niliogopa. Nilisema tutamtia mtu wasiwasi akiwa kazini. Mwisho tulikubaliana twende tumsomee mama mwenyewe kwanza. Alisikiliza mpaka mahali pa taa, akafuta macho kwa leso ya mtoto. Akasema, "Iacheni hivyo hivyo. Mimi kwa simu siwezi kumwambia."

Alimpa barua mwanajeshi mwenzake bwana yake aliyekuwa akirudi kutoka likizo. Bahasha hatukuifunga kwa gundi, ili mkubwa yeyote akitaka kuitazama aitazame.

Yule kijana alikuja likizo mwezi wa Mei. Jioni ya kwanza alifika kwetu. Alitoa mfukoni karatasi ambayo mikunjo yake ilikuwa imeanza kukatika. Alituambia kwamba wenzake wawili wasiopata barua walikuwa wakiiomba waisome, na kwamba ndama wa miguu mitano alijulikana katika hema zima. Tulicheka sana. Kisha akaacha kucheka, akasema, "Mwalimu, kila nilipopiga simu mke wangu aliniambia mambo yote ni sawa. Nami nilimwambia mambo yote ni sawa. Tulikuwa tunadanganyana kwa upendo. Niliposoma habari za taa ile, ndipo nilipojua ninasubiriwa."

Nawaomba mlitafakari neno hilo, ninyi mnaokaa nyumba moja na mnaambiana kila siku kwamba mambo yote ni sawa.

Mambo ya kukumbuka mkiandika

Tangu wakati huo tumeandika barua nyingine kadhaa, nasi tumejifunza mambo machache ambayo tunawapa.

Kwanza, andikeni pamoja. Mmoja ashike kalamu, mwingine aseme, halafu mbadilishane. Watoto nao wachore. Mtoto anayeshuhudia wazazi wake wakishukuru hahitaji hotuba juu ya shukrani.

Pili, shukuruni kwa jambo linalojulikana. "Asante kwa kazi nzuri" ni maneno ya kadi. Semeni: asante, kwa kuwa binti yetu alikwenda shule ya bweni na kurudi salama. Kisha mpeni habari za nyumbani, hata zile ndogo. Yeye anazo habari kubwa za kutosha.

Tatu, msiulize wala msiandike mambo ya kazi yake. Jina la kambi, idadi ya watu, siku ya kusafiri au ya kurudi, hayo yote yasionekane katika barua, na zaidi yasionekane katika simu na makundi ya WhatsApp. Karatasi huanguka, na ujumbe wa simu husambaa. Neno moja la furaha, "bwana yangu anaingia kesho kwa njia fulani," laweza kuwaletea wengi msiba.

Nne, msiombe kitu. Wanajeshi wengi simu zao zimejaa maombi ya pesa kutoka kwa ndugu na jamaa. Barua yenu iwe ndiyo moja ambayo mwisho wake hauna "tafadhali tusaidie".

Tano, msipeleke umbea. Msiandike neno juu ya mke au mume wa mtu ambalo hamwezi kumsomea yeye kwanza. Barua ya jirani inaweza kujenga ndoa ya mtu, na inaweza kuivunja kwa mstari mmoja.

Sita, msiwasahau kina mama walio jeshini. Mwaka wa 2018 Fatuma Ahmed alikuwa mwanamke wa kwanza wa Kenya kupewa cheo cha Meja Jenerali. Wako wengi wa vyeo vya chini ambao bwana zao wamebaki nyumbani na watoto. Bwana wa namna hiyo asichekwe. Aandikiwe na yeye.

Saba, waandikieni wajane. Tarehe 14 Oktoba ni Siku ya Majeshi ya Ulinzi ya Kenya. Wakati nchi inawakumbuka waliokufa, mjane aliye katika jumuiya yenu anahitaji mtu wa kumwambia kwamba jina la bwana yake bado linatajwa.

Kama hamna mwanajeshi mnayemjua, mwulizeni paroko. Anaweza kuwasiliana na padre wa kambi iliyo karibu. Na kwa kuwa kikosi cha Umoja wa Afrika huko Somalia kimebadilishwa jina mwaka wa 2022 na tena mwaka wa 2025 bila kazi yenyewe kwisha, bado wako vijana wetu walio mbali wakati mnaposoma haya.

Akirudi nyumbani

Barua ni nusu ya kuonana. Nusu ya pili ni kumpokea. Mwanajeshi akirudi, majirani wanaume hupenda kumweka kati na kumwuliza ameua wangapi. Swali hilo ni dhambi dhidi ya ukarimu. Mwacheni aseme anachotaka, na asiposema, mwacheni anyamaze.

Nanyi wake zao, na waume zao, msishtuke akiamka usiku, akiruka mlango unapogongwa, au akiwa mkali bila sababu. Si kwamba amekoma kukupenda. Mwili umerudi kabla ya roho. Mpe muda. Lakini ikipita miezi naye hapati usingizi, au akianza kunywa kupita kiasi, au akikuinulia mkono, usifiche kwa ajili ya sifa ya sare. Zungumza na padre wa kambi, na mwende kwa daktari au mshauri. Shukrani ya kweli humtakia mtu uponyaji, haimwachi aumie kimya kimya.

Na kwako je?

Namaliza nilipoanzia, kwenye ile sahani ya sukuma wiki. Baada ya kuandika barua ile ya kwanza, niliona aibu moja ambayo sikumwambia mke wangu siku hiyo. Nilikuwa nimeketi saa mbili kutafuta maneno ya kumshukuru kijana wa jirani. Kwa mke wangu, katika miaka yote ya ndoa yetu, sikuwahi kuandika mstari mmoja. Nilimwandikia tulipokuwa wachumba. Baada ya pete ya ndoa kalamu ilikauka.

Basi Jumamosi moja nilikata karatasi katika daftari la mafundisho, nikamwandikia. Sikuandika mahubiri. Nilimshukuru kwa miaka ile mama yangu alipokuwa mgonjwa kitandani, ambapo yeye ndiye aliyemwogesha, si dada zangu wala si mimi. Nilikuwa sijawahi kulisema jambo hilo kwa sauti. Niliiweka karatasi chini ya pakiti ya majani ya chai. Hakusema kitu. Ila tangu siku hiyo karatasi ile inakaa ndani ya kitabu chake cha sala, nami hujifanya sijaiona.

Mwanajeshi yuko mbali, ndiyo maana tunakumbuka kumwandikia. Anayelala kando yako yuko karibu mno, ndiyo maana unamsahau. Kila mmoja wenu analinda zamu katika nyumba hii. Msingojee simu ya msiba ndipo mshukuriane.

Maswali ya kuzungumza mume na mke

1. Ni nani katika jumuiya yetu aliye na mtu jeshini, nasi hatujawahi kumwuliza habari zake?

2. Ni jambo gani ambalo mwenzangu hunifanyia, nami nimelihesabu kuwa ni wajibu wake tu?

3. Tunapoambiana "mambo ni sawa", je, ni kweli?

Sala

Ee Bwana Yesu, uliyemsifu ofisa wa jeshi kwa imani yake, walinde wote walio mbali na nyumba zao kwa ajili yetu. Wape mikono safi na dhamiri safi. Wafariji wake, waume na watoto wanaosubiri. Wapokee katika mwanga wako waliokufa. Na sisi tunaolala salama, utupe moyo wa yule mmoja aliyegeuka njiani kushukuru. Amina.

Mungu azibariki ndoa zenu.